Jina Moja, Mafuta Mbalimbali: Historia ya Kuainisha Mirehani kwa Kemia

Mfasiri wa maandishi ya sayansi huyaogopa maneno marefu ya Kilatini, ilhali aghalabu yanayompoteza njia ni yale mafupi aliyoyazoea tangu utotoni. Aina, mbegu, mafuta na harufu ni maneno ya namna hiyo. Kila mtu anayajua, na kwa sababu hiyo hakuna anayesimama kuyahoji. Katika makala hii tumekusudia kueleza kwa ufupi historia ya tawi moja dogo la botania, yaani uainishaji wa mimea ya kunukia kwa kuangalia kemia ya mafuta yake, na kuonyesha jinsi historia hiyo inavyotulazimisha kuyapima upya maneno hayo manne.

Mfano wetu mkuu ni mrehani. Tumeuchagua kwa sababu ni mmea unaojulikana sana na wasemaji wa Kiswahili, na kwa sababu wanakemia wameuchunguza kwa muda mrefu kiasi cha kutuachia mafunzo ya kutosha. Yafaa ikumbukwe tangu mwanzo kuwa jambo hili si la maabara peke yake. Linamhusu mkulima anayenunua mbegu, mfanyabiashara anayeuza mafuta ng'ambo, afisa wa forodha anayesoma hati za mzigo, na mama anayempaka mtoto dawa iliyoandikwa jina asilolielewa.

Majina ya kwetu

Neno mrehani, ambalo wengine hulitamka mrihani, asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mmea wenye harufu nzuri. Halina udugu na rehani ya mkopo, ingawa katika matamshi yetu yamekaribiana. Hilo la pili limetoka katika mzizi mwingine wa Kiarabu wenye maana ya kuweka dhamana. Katika mwambao mrehani ni mmea wa pambo. Majani yake hufungwa pamoja na asumini na mkadi kuwa kikuba, na kikuba huvaliwa na wanawake katika shughuli za furaha.

Pembeni mwa mrehani kuna kivumbasi. Huu nao ni mmea wa kunukia wa ukoo uo huo, lakini harufu yake ni kali, na watu wameutumia kufukuzia mbu na kutibia mafua. Wataalamu wa mimea wanatuambia kuwa jina kivumbasi hutumika kwa spishi zaidi ya moja ya jenasi Ocimum, zikiwamo Ocimum americanum na Ocimum gratissimum. Mrehani wenyewe kwa kawaida ni Ocimum basilicum.

Hapa hakuna kosa la lugha. Wazee waliotuachia majina haya hawakuhesabu stameni za maua. Walinusa, wakatumia, wakaona matokeo, kisha wakatoa majina kwa kufuata kazi ya mmea: huu ni wa kupamba, na huu ni wa kufukuza. Kwa maneno mengine, uainishaji wetu wa asili ulikuwa uainishaji wa harufu, na harufu ni kemia iliyosomwa kwa pua. Botania ya Ulaya ilipita njia nyingine kabisa, na ilichukua karne kadhaa kurudi mahali ambapo pua ilianzia.

Enzi ya jicho

Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi alichapisha kitabu chake cha spishi za mimea, akaupa mrehani jina Ocimum basilicum linalotumika hadi leo. Utaratibu wake ulitegemea macho: idadi ya sehemu za ua, umbo la jani, mpangilio wa vikonyo. Katika karne ya 19 George Bentham wa Uingereza aliufuata mkondo huo huo, akayagawa mafungu ndani ya spishi kwa kuangalia mambo kama rangi ya zambarau ya majani au kukunjamana kwake. Utaratibu huu ulikuwa na nguvu kubwa, kwani mtu yeyote mwenye mmea mkavu juu ya karatasi angeweza kuukagua uamuzi wa mwenzake.

Lakini mmea mkavu haunukii kama mbichi. Sifa ambayo kwayo mrehani hulimwa, huuzwa na huthaminiwa haikuwa na nafasi katika hifadhi za mimea iliyokaushwa. Aidha, jenasi Ocimum, yenye spishi zaidi ya 60, ina tabia ya kuwasumbua wataalamu: baadhi ya spishi huchavushana, machotara huzaliwa, na mkulima huchagua mbegu apendavyo. Hivyo majina yakaongezeka, na mengi yakawa ni majina mawili au matatu ya mmea mmoja.

Funzo la mikaratusi

Hatua ya kwanza kubwa ya kuitumia kemia haikupigwa kwa mrehani bali kwa mikaratusi ya Australia. Mwaka 1902 Richard Thomas Baker, aliyekuwa mtaalamu wa mimea, na Henry George Smith, aliyekuwa mkemia, wote wa jumba la makumbusho ya ufundi mjini Sydney, walichapisha utafiti mkubwa juu ya mafuta ya mikaratusi. Waliyakeneka majani, yaani waliyapitishia mvuke na kuupoza mvuke huo ili kupata mafuta, kisha wakayapima mafuta ya spishi zaidi ya 100. Imani yao ilikuwa kwamba kila spishi ina mafuta yake yasiyobadilika, popote itakapoota. Kama ingekuwa hivyo, chupa ya mafuta ingetosha kuwa cheti cha kuzaliwa cha mti.

Robo karne baadaye, mwaka 1927, warithi wao katika jumba lile lile, Arthur Penfold na Frank Morrison, walitangaza habari iliyoitikisa imani hiyo. Walichunguza mkaratusi uitwao Eucalyptus dives. Miti iliyofanana kwa kila hali machoni mwa mtaalamu wa mimea ilitoa mafuta yasiyofanana hata kidogo. Mingine ilikuwa na piperitoni kwa wingi, kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa mentholi. Mingine ilikuwa na sineoli, ambayo ndiyo inayotafutwa katika mafuta ya dawa za kifua. Tofauti hiyo ilikuwa na thamani ya fedha. Mkenekaji aliyechanganya majani ya miti hiyo bila kujua alipata mafuta yasiyofaa kwa mnunuzi yeyote kati ya wawili hao.

Penfold na Morrison hawakuthubutu kuiita miti hiyo spishi mbalimbali. Waliipanga kwa herufi, wakaieleza kuwa ni maumbo ya kifiziolojia ndani ya spishi moja. Tunaliona hilo kuwa jambo la hekima: walichokuwa nacho ni tofauti ya mafuta, nao wakatoa jina lisilodai zaidi ya hapo.

Hata hivyo swali moja lilibaki. Je, tofauti hizo zimo katika asili ya mmea, au ni matokeo ya udongo, mvua na majira? Jibu lilipatikana kwa kuotesha mimea ya namna mbalimbali pamoja, mahali pamoja. Mfano ulio wazi ni zaatari ya mwituni ya kusini mwa Ufaransa, Thymus vulgaris, ambayo mwaka 1973 watafiti Granger na Passet waliigawa katika mafungu sita kwa kemia ya mafuta yake, baadhi yakiwa na thimoli, mengine linaloli, mengine jeranioli. Vipandikizi vilivyohamishwa viliendelea kutoa mafuta ya asili yao. Udongo na majira huongeza au kupunguza kiasi cha mafuta, na hata uwiano wa vilivyomo. Lakini fungu lenyewe hurithiwa.

Mrehani katika maabara

Mrehani ulifika maabara kwa njia ya biashara. Ernest Guenther, aliyeandika juzuu sita juu ya mafuta ya kunukia zilizochapishwa New York kati ya 1948 na 1952, aliyapanga mafuta ya mrehani katika mafungu manne kwa kufuata yalikotoka na yalivyonukia. La kwanza ni la Ulaya, lenye linaloli na estragoli. La pili ni la Réunion, lenye estragoli nyingi pamoja na kafuri. La tatu ni lenye methilisinamati, na la nne ni lenye yujenoli. Fungu la pili latuhusu kwa karibu, kwa kuwa mafuta ya namna hiyo yamekenekwa pia katika visiwa vya Komoro, kwa majirani zetu ambao lugha yao na yetu ni ndugu.

Mgawo wa Guenther ulikuwa bado ni mgawo wa mapipa, si wa mimea. Ili kupata mafuta ya kutosha kwa vipimo vya wakati huo ilibidi kukeneka mzigo mzima wa majani, na katika mzigo mmoja huwamo mimea mingi yenye asili mbalimbali. Kilichobadili hali hii ni kromatografia ya gesi, iliyobuniwa Uingereza na James na Martin mwaka 1952. Chombo hicho huvitenganisha vilivyomo katika tone dogo mno la mafuta. Tangu hapo mtafiti aliweza kuuliza habari za mmea mmoja mmoja, hata za jani moja.

Mwaka 1988 Brian Lawrence, baada ya kuyapitia matokeo ya sampuli zaidi ya 200 za mafuta ya Ocimum basilicum, aliacha majina ya nchi na kuyapanga mafuta kwa kitu kilichozidi ndani yake: estragoli, linaloli, methiliyujenoli au methilisinamati. Mwaka 1996 Renée Grayer na wenzake walichunguza mimea 16 ya spishi hiyo, wakaamua kwamba kila kitu kinachozidi asilimia 20 ya mafuta kihesabiwe kuwa kikuu. Walipata mafungu matano: la linaloli; la estragoli; la linaloli na estragoli kwa pamoja; la linaloli na yujenoli; na la estragoli na methiliyujenoli. Walipolinganisha mafungu hayo na mgawo wa zamani uliofuata umbo na rangi, waliona kuwa haviendi sambamba. Mimea iliyowekwa fungu moja na jicho iliweza kutenganishwa na kemia, na iliyotenganishwa na jicho iliweza kuunganishwa na kemia.

Sababu yake inaeleweka. Mafuta hutengenezwa ndani ya vitezi vidogo juu ya jani. Linaloli hupitia njia moja ya kikemia, na estragoli pamoja na yujenoli hupitia njia nyingine kabisa inayoanzia kwenye asidiamino. Kimeng'enya kimoja kikiwapo, yujenoli hugeuzwa kuwa methiliyujenoli. Kisipokuwapo, hubaki yujenoli. Badiliko dogo namna hiyo katika urithi laweza kugeuza harufu yote, na jani likabaki na umbo lile lile. Msomaji wa Unguja au Pemba hahitaji kuelezwa harufu ya yujenoli, kwani ndiyo harufu ya karafuu. Kivumbasi cha spishi ya Ocimum gratissimum, mathalani, huweza kuwa na yujenoli kikanukia karafuu, au kuwa na thimoli kikanukia zaatari, na vyote viwili vikaitwa kivumbasi kwa haki.

Majina na madai yake

Tukiyatazama majina waliyoyatumia wataalamu katika safari hii, tunaona kuwa kila jina lilibeba dai. Wale wa Sydney walisema maumbo ya kifiziolojia, wakidai kuwa tofauti imo katika utendaji wa mwili wa mmea. Wafaransa walisema mbari za kikemia, wakidai kuwa kuna uzao. Péter Tétényi wa Hungaria, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alipendekeza ngazi rasmi za kikemia chini ya spishi, ikiwamo kemovari, akidai kuwa mafungu haya yastahili cheo katika mfumo wa botania. Jina lililoenea zaidi, kemotaipu, lilitokana na utafiti wa likeni, vile viumbe vinavyotambaa juu ya mawe na magome. Rolf Santesson na mwanawe Johan walilitumia mwaka 1968 kwa maana ya sehemu ya viumbe vya spishi moja visivyotofautiana kwa umbo bali kwa kemia tu.

Nadhari yetu ni kwamba jina hili la mwisho limeshinda kwa sababu ya unyenyekevu wake. Halisemi kuwa fungu ni spishi, wala mbari, wala mbegu ya mkulima. Linasema tu: mmea huu, ulipopimwa, ulikutwa na mafuta ya namna hii. Mpaka wa asilimia 20 waliouweka kina Grayer ulichaguliwa na watu, na mtafiti mwingine anaweza kuchagua mwingine. Istilahi ya Kiswahili isiyouhifadhi unyenyekevu huo itakuwa imesema zaidi ya sayansi yenyewe.

Basi tuyapime maneno tuliyo nayo. Neno aina halifai peke yake. Limeshatumika kwa spishi, kwa namna, na hata kwa daraja la bidhaa. Mfasiri akiandika kwamba mrehani una aina tano, msomaji ataelewa kuwa ni mimea mitano iliyo mbali mbali. Neno mbegu, ambalo wakulima hulitumia vizuri kwa mahindi na mpunga, nalo halifai, kwani mbegu zilizotoka katika mfuko mmoja zaweza kuotesha mirehani ya mafuta mbalimbali. Neno kabila tunalikataa kwa sababu lina uzito mwingine katika jamii zetu.

Matatizo ya neno mafuta ni makubwa zaidi. Katika vibandiko vya chupa na tafsiri nyingi za siku hizi tumekuta mafuta haya yakiitwa mafuta muhimu. Tafsiri hiyo ni kosa. Jina la Ulaya linatokana na neno la Kilatini essentia, yaani kiini au asili ya kitu, kwa imani ya wakemia wa kale kwamba mkenekaji huitoa roho ya mmea. Hakuna ndani yake maana ya kuhitajika. Msomaji anayeambiwa mafuta muhimu hudhani kuwa mwili hauwezi kuishi bila hayo, kama anavyoambiwa kuhusu vitamini; na akiona neno mafuta huweza kudhani kuwa yanalika kama ya nazi au ya alizeti. Sivyo. Ni vitu vikali vinavyoruka hewani, na vingine ni hatari vikimezwa.

Hapa ndipo istilahi inapogusa afya ya watu. Mwaka 2001 kamati ya sayansi ya chakula ya Umoja wa Ulaya iliona kuwa estragoli na methiliyujenoli huweza kudhuru chembe za urithi na kuleta saratani, ikashauri matumizi yake yapunguzwe. Kanuni ya Umoja huo ya mwaka 2008 ikaweka mipaka kwa baadhi ya vyakula. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliipandisha methiliyujenoli hadi kundi la vitu ambavyo yaelekea sana husababisha saratani kwa binadamu. Hatusemi kwamba jani la mrehani katika mchuzi ni sumu, kwani kiasi ni kidogo. Tunasema kuwa mafuta yaliyokenekwa ni kitu kingine, na kuwa chupa mbili zilizoandikwa mafuta ya mrehani, moja ya linaloli na moja ya estragoli, si bidhaa moja mbele ya sheria wala mbele ya mwili. Mkulima aliyepewa mkataba wa kulima mrehani, bila hati kutaja ni wa mafuta gani, anaweza kuvuna shamba zima na kukataliwa mzigo wake, naye asijue amekosea wapi, maana hati haikumwambia.

Mapendekezo

Kwa kufuata utaratibu uliozoeleka wa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, tunapendekeza mambo manne yajadiliwe.

Kwanza, yale yaitwayo mafuta muhimu yaitwe mafuta ya kunukia, na maelezo ya kuwa huruka hewani yaongezwe katika kamusi za sayansi. Neno manukato libaki kwa bidhaa iliyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya kujipaka.

Pili, dhana ya kemotaipu ipewe neno namnakemia, lililoundwa kama isimujamii lilivyoundwa, neno kuu likitangulia. Namna ni neno jepesi. Halidai uzao wala cheo. Wanaopendelea neno la kimataifa wanaweza kuandika kemotaipu, mradi wasiligeuze kuwa aina katika ukurasa unaofuata.

Tatu, jina kamili la kitaalamu liwe na sehemu tatu: mmea, sehemu ya mmea, na namnakemia, mathalani, mafuta ya kunukia ya majani ya mrehani, namnakemia ya linaloli. Sehemu ya mmea isiachwe. Kule Pemba mafuta hukenekwa kutokana na makonyo ya karafuu, na mafuta ya makonyo si sawa na ya karafuu zenyewe wala ya majani, ingawa mti ni mmoja na namnakemia haikutajwa. Tofauti ya kiungo na tofauti ya urithi ni mambo mawili, na istilahi iyatenge.

Nne, majina mrehani na kivumbasi yasisanifiwe kwa nguvu ili yalingane na spishi mojamoja. Yana kazi yake, na kazi hiyo wameifanya kwa uaminifu wasemaji wa vizazi vingi. Pale usahihi unapohitajika, jina la Kilatini liandikwe pembeni, na namnakemia ifuate.

Kazi inayobaki ni ya kukusanya. Katika mikoa mingi wazee, waganga na wakulima hutofautisha kivumbasi na kivumbasi kwa harufu, na huenda wana maneno ya tofauti hizo ambayo hayajaingia katika kamusi yoyote. Tunawaomba walimu na watumishi walio vijijini wayaandike maneno hayo pamoja na mahali yanapotumika na mmea unaotajwa, na wayalete katika meza ya istilahi. Huenda tukakuta kwamba neno tunaloliunda leo kwa taabu limekwisha kusemwa zamani.